Kigari Kilichosimama na Moyo Mpya

Neno la kutafakari: Ezekieli 36:26



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya kitu kidogo, chepesi kuliko nazi moja: kigari cha mashindano cha kuchezea watoto, kile chenye betri ndani yake. Huenda mtu akauliza, Je! mambo ya watoto yana nafasi katika karatasi ya Kanisa? Twamjibu hivi: Bwana wetu alifundisha kwa chachu, na kwa punje ya haradali, na kwa sarafu iliyopotea nyumbani, wala hakuona haya kuwataja watoto wachezao sokoni. Basi nasi tusione haya.

Nabii Ezekieli alitumwa kwa watu waliochukuliwa mateka, waliovunjika moyo, ambao kila mtu aliwaona kuwa taifa lililokwisha. Akawapa ahadi ya ajabu: Mungu mwenyewe atawaondolea moyo ulio mgumu kama jiwe, na mahali pake ataweka moyo mwingine ulio hai, na roho mpya ndani yao. Katika ahadi hiyo twaomba mwangalie neno moja, yaani neno la kuondoa na kuweka. Hakusema kwamba moyo ule wa zamani utasuguliwa mpaka ung'ae. Alisema utatolewa.

Watoto wa delta ya Rufiji tangu zamani hujitengenezea magari yao. Huchukua kopo au chupa tupu, hukata magurudumu katika kandambili kuukuu, hupitisha kijiti, hufunga kamba, kisha hukimbia nalo mchangani. Gari la namna hiyo haliharibiki ndani, kwa sababu halina kitu ndani. Mtoto akilivuta, linakwenda, akichoka, linasimama. Lakini siku hizi vimeingia pia vigari vya dukani, vyenye mota na swichi, na vingine vyenye rimoti. Hivyo nguvu yake imo ndani, katika betri ichajiwayo. Twaona hapa tofauti ya dini mbili. Kuna dini ivutwayo kwa kamba: mtu huja kanisani kwa kuwa mkewe amemvuta, au mzee wa kanisa amemtazama kwa jicho kali, kamba ikikatika, naye husimama. Na kuna imani itendayo kazi kutoka ndani. Hiyo ya pili ndiyo tuitakayo. Lakini ikipungua ndani, nje hapana mkono wa kuificha.

Delta hii ina habari yake ya kale juu ya jambo hilo. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba, ilirudi kujificha katika mito ya delta, maana mitambo yake ilikuwa imeharibika. Nje ilikuwa nzima. Mizinga yake ilikuwapo. Ila ndani haikuwa na nguvu. Basi vyombo vilivyoharibika vikafunguliwa, vikaburutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kwa mikono ya watu wengi wa nchi hii, vikatengenezwa huko, vikarudishwa kwa taabu ile ile. Hata hivyo meli haikutoka tena baharini. Waingereza waliziba njia, na tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa vibaya, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Twalitaja jambo hili kwa sababu moja. Ikiwa wanadamu walikubali taabu kubwa namna hiyo ili kukipa nguvu chombo cha vita, je! sisi tutakataa taabu ndogo kwa ajili ya roho ya ndugu mmoja aliyesimama?

Sasa na tufuate habari ya kigari. Tuseme mtoto mmoja wa Nyamisati ameletewa na mjomba wake kigari chekundu kutoka Dar es Salaam. Mwaka mzima kimekimbia ukumbini na uani. Kisha kikaanza kupunguza mwendo. Kwanza kilikwenda robo saa, baadaye dakika tano, baadaye dakika moja, hata siku moja kikalia kidogo na kunyamaza. Baba yake asema, "Kimekufa hicho, katupe mikokoni." Mtoto hakitupi. Siku ya safari ya Kibiti anakificha ndani ya shati, na mbele ya meza ya fundi wa simu na redio anakitoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

"Gari langu, mjomba. Baba asema limekufa."

Fundi aligeuza chini juu, asema, "Tusimzike mtu kabla ya kumpima."

Katika maneno ya fundi huyu tutajifunza mambo matano.

Jambo la kwanza: pima kabla ya kuhukumu. Fundi mwema hakimbilii kubadili betri. Kwanza huzungusha magurudumu kwa kidole, maana mara nyingi mchanga au nywele zimejisokota katika mhimili. Kisha hutazama mahali betri inapogusana na vibati. Katika nchi ya pwani, penye hewa ya chumvi, kutu ya kijani huota hapo na kuzuia nguvu isipite, hali betri yenyewe ni nzima. Hutazama swichi, na waya kama umekatika. Baada ya hayo ndipo hupima betri kwa kipimo cha volti. Ndugu walimu, fanyeni hivyo hivyo. Kijana akiacha kuja ibadani, msiseme mara moja kwamba imani yake imekufa. Huenda ni mchanga tu: deni analoona haya kulitaja, neno kali aliloambiwa kwaya, ugonjwa wa mama yake, mafuriko yaliyochukua shamba lake, kama yalivyochukua mashamba ya wengi wa Rufiji na Kibiti mwezi wa Aprili 2024. Nenda nyumbani kwake, keti, uliza. Kutu hupanguswa kwa kitambaa. Haihitaji moyo mpya.

Jambo la pili: betri iliyokufa haiponi kwa kuchajiwa zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea. Kigari kikidhoofika, mtoto hukiacha kwenye chaja usiku kucha. Kikidhoofika tena, hukiacha siku mbili. Yafaa tueleze kwa nini haisaidii. Betri ya namna hii haina umeme uliowekwa kama maji mtungini. Ina madini na dawa zibadilikazo: nguvu inapotoka hubadilika huku, na inapochajiwa hurudishwa kule. Kila safari ya kwenda na kurudi huacha uharibifu kidogo. Baada ya safari mamia, sehemu kubwa ya dawa zile haziwezi kurudi tena. Wakati huo chaja huleta nguvu, lakini ndani hapana pa kuipokea. Nguvu hiyo hugeuka kuwa joto. Betri hupata moto, na nyingine huvimba, maana hewa imejaa ndani yake. Iliyovimba ni hatari, yaweza kuwaka.

Huko juu ya mto huu huu wa Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa iwezayo kutoa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Ni nguvu kubwa mno. Lakini umeme wote wa bwawa lile hauwezi kukiendesha kigari kimoja ikiwa betri yake imekufa. Kosa haliko kwa bwawa.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba Sheria ni takatifu na njema. Naye akakiri kwamba ndani yake hakupata uwezo wa kuitimiza. Sheria ni kama chaja iliyo nzima: haina kosa. Lakini ukimwekea mtu mwenye moyo uliokufa amri juu ya amri, karipio juu ya karipio, zamu juu ya zamu, hatapata uzima. Atapata moto tu. Wengine huvimba kwa kiburi, wakijiona wema kwa sababu ya amri walizozibeba. Wengine hupasuka kwa kukata tamaa. Tumewaona wa namna zote mbili katika sharika zetu. Mhubiri asiyejua kitu ila kuwazidishia watu amri ameacha kigari kwenye chaja siku mbili, naye ashangaa kwa nini hakiendi.

Jambo la tatu: betri hubadilishwa na mkono mwingine. Kigari hakiwezi kujifungua skrubu. Mtoto naye hawezi. Akijaribu kwa kisu cha jikoni atakata waya. Fundi huchukua bisibisi ndogo, hufungua skrubu moja moja na kuziweka katika kifuniko ili zisipotee. Hutazama betri ya zamani imeandikwa nini, maana betri si za namna moja. Ziko za nikeli, ambazo kila pipa lake dogo hutoa volti 1.2, na manne yakiunganishwa hufanya volti 4.8. Ziko za lithiamu, ambazo moja hutoa volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Betri ya namna moja haitiwi mahali pa nyingine kwa kuwa tu imeenea. Chaja ya nikeli haikutengenezwa kwa lithiamu, na kuzichanganya huleta moto. Kisha fundi hukata waya mmoja, huufunika ncha, ndipo hukata wa pili, ili waya mwekundu na mweusi zisigusane. Hulehemu kwenye vibati vilivyowekwa kwa kazi hiyo, wala hagusi tumbo la betri kwa chuma cha moto. Mwekundu hurudi upande wa chanya, mweusi upande wa hasi. Akigeuza, anaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Tena, kama ni mapipa manne, fundi hatoi mawili na kuacha mawili. Hutoa yote. Maana mapya yenye nguvu yakiunganishwa na makuukuu, yale dhaifu huishiwa upesi, na yenye nguvu huyasukuma kinyume mpaka yanaharibika kabisa. Mwisho kigari husimama tena. Bwana wetu alifundisha neno hilo hilo kwa habari ya divai mpya na viriba vikuukuu. Mtu asemaye, "Nitampa Mungu Jumapili, nami nitajiwekea biashara yangu na hasira yangu na chuki ya jirani yangu," amechanganya betri.

Basi hii ndiyo Injili: aliyesimama hakuambiwa ajifungue mwenyewe. Mungu asema kwa kinywa cha nabii kwamba yeye ndiye atakayeondoa, yeye ndiye atakayeweka. Wala haikuwa bure kwake. Mtoto wa Nyamisati hakuwa na fedha ya betri. Kama fundi au mjomba hangelipa, kigari kingebaki mezani. Sisi nasi hatukuwa na kitu. Aliyelipa ni Mwana wa Mungu, naye hakulipa kwa fedha. Mtu akikuuliza, "Nitajuaje kwamba moyo wangu umebadilishwa?" usimtume kupima hisia zake, mtume kwenye ubatizo wake na kwenye neno la ahadi, ambapo Mungu mwenyewe alitia mkono.

Jambo la nne: betri mpya nayo huchajiwa. Asiseme mtu, "Nimepewa mpya, sina haja tena ya chaja." Betri mpya isiyochajiwa husimama kama ya zamani. Hata ikikaa kabatini bila kutumika, nguvu yake huvuja pole pole. Ya lithiamu ikiachwa tupu miezi mingi huweza kufa kabisa. Kwa hiyo wenye ujuzi huiweka ikiwa na nusu ya nguvu, mahali pasipo joto, na kuitazama mara kwa mara. Ikijaa, huondolewa kwenye chaja. Katika visiwa vya delta, ambako nyumba nyingi hutegemea sola, watu wajua kwamba jua la jana halitoshi kwa taa ya usiku wa leo. Kila asubuhi bamba hugeuziwa jua tena.

Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alifundisha kwamba ubatizo, uliofanyika mara moja, una kazi ya kila siku: mtu wa kale afishwe kwa toba, na mtu mpya ainuke. Mara moja, na kila siku. Yote mawili ni kweli. Kwa hiyo twawasihi wazazi: sala ya asubuhi isiachwe kwa sababu mitumbwi yaondoka mapema na maji kujaa. Sala fupi ndani ya mtumbwi ni sala. Nanyi walimu, mwafundisha wengine juma zima. Ni nani awatiaye nguvu ninyi? Mwalimu ampaye kila mtu wala hapokei atasimama njiani kabla ya Kwaresima kwisha.

Jambo la tano: angalia utupacho. Fundi amebaki na vitu viwili mkononi, betri ya zamani na kigari. Kimoja ni cha kuondolewa, kingine ni cha kurudishwa. Baba wa mtoto alitaka kutupa vyote pamoja mikokoni.

Betri ya zamani isitupwe mtoni. Baadhi ya zile za nikeli zina kadimiamu, nayo ni sumu idhuruyo mafigo. Delta hii ni shamba la watu wengi: katika mizizi ya mikoko kamba na samaki wadogo hukua, na wavuvi wa Kikristo na wa Kiislamu hula katika maji yale yale. Anayetupa sumu kwenye mkondo amemtilia jirani yake chunguni. Wala isitupwe motoni, maana yaweza kupasuka. Wala isitobolewe, wala watoto wasiipasue kuona kilichomo. Funika ncha zake kwa gundi ya karatasi au ya plastiki, iweke katika kopo kavu mbali na watoto, kisha mpe fundi aiweke pamoja na nyingine mpaka zipelekwe kwa wakusanyao taka za namna hiyo. Ushirika wowote waweza kuweka kopo moja kwa mzee wa kanisa. Ni kazi ndogo, nayo ni sehemu ya amri ya kumpenda jirani.

Dhambi nayo, ikiisha kutolewa, isirudishwe mezani. Tumewasikia watu wakimkumbusha ndugu aliyetubu mambo ya miaka kumi iliyopita, kana kwamba betri mbovu imehifadhiwa mfukoni ili aonyeshwe kila mara. Mungu aliyeiondoa hakuiweka akiba.

Bali kigari chenyewe kisitupwe. Neno hili ndilo lililotusukuma kuandika. Katika sharika zetu wako waliosimama: binti aliyepata mtoto kabla ya ndoa, ambaye sasa huketi nyuma karibu na mlango, mzee wa kanisa aliyerudi kwenye pombe, kijana aliyekwenda mjini akarudi mikono mitupu, naye haonekani tena kwaya. Tumezoea kusema, "Amekwisha huyo." Lakini tukimwangalia twaona magurudumu yapo, mwili upo, jina lake limo katika kitabu cha ubatizo. Kilichokwisha ni cha ndani, na cha ndani ndicho Mungu alichoahidi kukibadili. Paulo aliwaagiza Wagalatia kwamba aliyenaswa katika kosa arejezwe upya kwa roho ya upole. Upole ndio bisibisi ndogo. Nyundo pia hufungua kigari, lakini hakifungiki tena.

Basi, ndugu, twawapa kazi ya mwezi huu. Kila mwalimu na afungue kitabu cha ushirika wake, atafute jina moja la mtu aliyehesabiwa kuwa amekufa, aende kwake kabla mwezi haujaandama tena. Asiende na orodha ya makosa. Apime kwanza kama ni mchanga au kutu. Akikuta kwamba moyo wenyewe umekwisha, asimwekee mizigo mipya. Amhubirie Yeye aondoaye na kuweka. Naye asifadhaike akiona kazi ni ya pole pole, maana skrubu za ndani hufunguliwa moja moja.

Bwana Mungu, aliyewapa uhai watu wa Israeli walipokuwa wamekata tamaa, awape ninyi nanyi moyo mpya, autunze siku kwa siku, na kuwatia upole mikononi mnapowainua walioanguka. Amina.